Kuutua Mfumo Endeshi Mzigo wa Mtandao: Faida na Gharama Zake

Utangulizi

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi makala kuhusu ngeli, fasihi simulizi na mbinu za kufundishia. Safari hii tumeamua kuingia katika uwanja ambao walimu wengi wa Kiswahili huukwepa, yaani uwanja wa kompyuta na mitandao. Sababu yetu ni ya kikazi. Katika somo la tafsiri na istilahi, kila muhula wanafunzi huuliza swali lile lile: je, Kiswahili kinaweza kueleza jambo la kiufundi kwa kina, au kinaweza tu kutaja majina ya vifaa kisha kikanyamaza? Swali hili halijibiwi kwa kubishana. Hujibiwa kwa kulichukua jambo moja gumu na kulieleza tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo tulilolichagua ni ubishi wa muda mrefu miongoni mwa wahandisi wa kompyuta. Kazi za mtandao zifanyikie wapi: ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta, au ndani ya kadi ya mtandao? Ubishi huu unatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Tangu nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia ule wa SEACOM mwaka 2009, sisi wa Uganda na majirani zetu tusio na bahari tumeacha kutegemea setilaiti pekee. Vyuo vinanunua seva, na wauzaji wanakuja na maneno matamu kuhusu kadi zinazofanya kila kitu zenyewe. Idara kama yetu, ambayo ina kanda za masimulizi ya wazee zilizogeuzwa kuwa mafaili ya sauti, haina budi kujua mafaili hayo yanapitia mikono ya nani yanaposafiri.

Neno lenyewe

Kwanza tuanze na istilahi. Tunahitaji kitenzi cha kueleza tendo la kuiondolea sehemu moja ya kompyuta kazi fulani na kuikabidhi sehemu nyingine. Wanafunzi wengi hukimbilia kitenzi "kupakua", kwa kuwa mzigo ukishushwa kutoka katika gari husemwa umepakuliwa. Hata hivyo, katika lugha ya kompyuta kitenzi hicho kimekwisha kupewa kazi. Mtu "anapakua" faili kutoka kwenye intaneti na "anapakia" picha. Tukikitumia tena kwa maana ya pili tutampoteza msomaji.

Tunapendekeza "kutua". Kiswahili kina jozi ya vitenzi kwa ajili ya mzigo wa kichwani: unamtwika mtu mzigo, kisha unamtua. Waganda watatambua jozi hiyo mara moja, kwa sababu Luganda nacho kina "okutikka" na "okutikkula". Nchini Tanzania, mpango wa kufikisha maji vijijini umejulikana sana kwa kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani. Ubora wa kitenzi hiki ni kwamba kinawakumbuka wahusika wote: yupo anayetuliwa, upo mzigo, na yupo atakayeupokea. Maji bado yanahitajika baada ya mama kutuliwa ndoo. Kilichobadilika ni kwamba sasa yanaletwa na bomba, na bomba lina fundi wake, vipuri vyake na siku zake za kuharibika. Ndivyo ilivyo katika kompyuta pia. Kazi iliyotuliwa haipotei, bali hubadilisha mbebaji.

Pakiti inapofika

Ili tuuelewe ubishi, ni lazima tujue mzigo wenyewe ni upi. Faili linaposafiri katika mtandao halisafiri zima. Hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Katika mitandao ya Ethernet, ambayo ndiyo imeenea maofisini na vyuoni, kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500. Ukiondoa maandishi ya utambulisho yanayotangulia katika kila pakiti, zinabaki takriban baiti 1,460 za faili lenyewe.

Tuchukue mfano wa karibu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa CD, bila kubanwa, hufikia takriban baiti milioni 635. Kulisafirisha faili hilo ni kusafirisha pakiti zipatazo 435,000. Kila pakiti inapofika, kadi ya mtandao huipokea kutoka kwenye waya, huiweka katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha huishtua prosesa kuwa kuna mgeni mlangoni. Hapo ndipo kazi ya mfumo endeshi inapoanza. Mfumo endeshi ni ile programu kuu, kama vile Linux au Windows, inayosimamia programu nyingine zote na vifaa vyote. Wenyewe husoma utambulisho wa pakiti, huhakikisha haikuharibika njiani, huipanga mahali pake kati ya pakiti nyingine, humjulisha mtumaji kwamba imefika, na hatimaye hunakili yaliyomo na kuyakabidhi kwa programu iliyokuwa ikiyasubiri.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo huongozwa na itifaki iitwayo TCP. Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuzungumza. TCP inahakikisha kwamba pakiti zilizopotea zinatumwa upya, zilizofika ovyo ovyo zinapangwa, na mtumaji anapunguza kasi pale njia inapokuwa na msongamano. Ili kuyafanya hayo, pande zote mbili hulazimika kukumbuka mazungumzo yalipofikia: pakiti ipi imetumwa, ipi imepokewa, ipi inangojewa.

Kwa nini mzigo utuliwe

Kwa mtandao wa kasi ndogo mzigo huu ni mwepesi. Tatizo huja kasi inapopanda. Katika waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti zenye ukubwa kamili hufika zaidi ya 812,000 kila sekunde. Prosesa yenye kasi ya gigahezi 3 ikifanya kazi hiyo kwa kiini kimoja ina mapigo yasiyofika 3,700 kwa kila pakiti. Pakiti zikiwa ndogo kabisa, zenye baiti 64, zinaweza kufika karibu milioni 14.9 kwa sekunde. Hapo kila moja ina nanosekunde 67 tu, na mapigo yanabaki 200 hivi. Muda huo hautoshi hata kwenda kwenye kumbukumbu kuu na kurudi kwa starehe.

Kila pigo la prosesa linalotumika kupokea pakiti ni pigo ambalo halikutumika kwa kazi iliyoifanya kompyuta inunuliwe. Seva ya maktaba ilinunuliwa ili itafute vitabu. Seva ya maabara ya lugha ilinunuliwa ili icheze sauti na kusahihisha mazoezi. Kwa hiyo hoja ya watetezi wa kutua mzigo ni nyepesi kueleweka: tuweke ndani ya kadi ya mtandao chipu iliyotengenezwa mahususi kwa kazi za mtandao, na prosesa kuu iachiwe mambo yake. Chipu ya kazi moja huweza kuifanya kazi hiyo haraka zaidi, na kwa umeme kidogo, kuliko prosesa ya kazi zote.

Hata hivyo, tangu zamani kulikuwa na waliotilia shaka mahali mzigo unapotoka. Mwaka 1989 David Clark, Van Jacobson na wenzao wawili walichapisha uchunguzi wa gharama za TCP. Walionyesha kwamba itifaki yenyewe si nzito. Kusoma utambulisho wa pakiti na kuamua la kufanya huhitaji maelekezo machache tu ya prosesa. Uzito unatokana na mambo yanayoizunguka: kunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, kushtuliwa mara kwa mara, na shughuli za ndani za mfumo endeshi. Kama hivyo ndivyo, kuihamisha TCP yote kwenda kwenye kadi ni kumtua mtu fimbo na kumwachia gunia.

Aina mbili za kutua mzigo

Hapa tunafika kwenye tofauti iliyo muhimu kuliko zote katika mada hii. Tufikirie ofisi yenye mkuu na karani. Mkuu anaweza kumwachia karani kazi ya kupima uzito wa barua, kubandika stempu na kuhesabu kurasa. Karani huyo hahitaji kujua barua inahusu nini wala jana ilijibiwa vipi. Kila barua inajitosheleza. Lakini mkuu anaweza pia kumwambia karani, "Tangu leo utaendesha mawasiliano yote na mteja huyu kwa niaba yangu." Sasa karani anashika jalada, anakumbuka ahadi, na mkuu hajui tena yaliyoandikwa mpaka aulize.

Kadi za mtandao nazo zina makarani wa namna hizo mbili. Karani wa kwanza hufanya kazi zisizohitaji kukumbuka mazungumzo. Mojawapo ni kukokotoa jumla ya ukaguzi, ile namba ndogo inayoambatana na pakiti ili ijulikane kama imeharibika. Nyingine ni ukatajipakiti. Mfumo endeshi hukabidhi bonge moja la kilobaiti 64, na kadi hulikata vipande 45 hivi na kubandika utambulisho katika kila kimoja. Mfumo endeshi unaamua mara moja badala ya mara 45. Kazi ya tatu ni kugawa pakiti zinazoingia katika foleni mbalimbali ili viini vyote vya prosesa vishirikiane. Kazi hizi zimekubalika kila mahali. Kompyuta nyingi zinazouzwa leo, hata za mezani, zinazo, na watumiaji wake hawana habari.

Karani wa pili hubeba TCP nzima, pamoja na kumbukumbu za mazungumzo. Huyu ndiye aliyezua ubishi mkubwa. Mwaka 2003 mtafiti Jeffrey Mogul alitoa makala ambayo jina lake liliiita fikra hiyo ya kipumbavu, kisha likasema wakati wake umewadia. Alieleza kwamba jaribio moja baada ya jingine lilikuwa limeshindwa katika matumizi ya kawaida ya mtandao, ila akaona huenda fikra hiyo ingefaa katika kazi maalumu, hasa pale kompyuta zinapohitaji kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu za wenzao ili kuepuka kule kunakili.

Gharama zake

Tuziangalie sasa gharama za kumtumia karani wa pili. Tutataja nne.

Gharama ya kwanza ni ugumu wa kurekebisha. TCP haikuandikwa mara moja ikaisha. Mbinu yake ya kudhibiti msongamano imebadilishwa mara nyingi. Kwa mfano, Linux ilianza kutumia mbinu ya CUBIC kama chaguo lake la kawaida mwaka 2006, na mwaka 2016 ikapokea mbinu ya BBR kutoka kwa wahandisi wa Google. Aliyekuwa akiendesha TCP ndani ya mfumo endeshi aliyapata mabadiliko hayo kwa kusasisha programu. Aliyekuwa ameichoma TCP yake ndani ya chipu alibaki na ile ya siku ya ununuzi, isipokuwa mtengenezaji amhurumie.

Suala hili linakuwa zito zaidi likihusu usalama. Mwezi Juni 2019 ilitangazwa kasoro katika TCP ya Linux ambayo ilimwezesha mtu wa mbali kuiangusha seva kwa kuitumia mfuatano fulani wa pakiti. Waliogundua ni watu wa kampuni ya Netflix. Taarifa ilipotolewa, marekebisho yalitolewa pamoja nayo. Aliyeshindwa kusasisha mara moja aliweza kujikinga kwa kuzima kipengele kimoja kwa amri fupi. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na ulikuwa mikononi mwa wenye mashine. Tulinganishe na tukio la mwaka 2013, ambapo ilibainika kwamba kadi za mtandao zilizokuwa katika aina fulani ya bodi mama zingeweza kuzimika kabisa kwa kupokea pakiti moja yenye thamani fulani mahali fulani. Kosa lilikuwa katika maelekezo yaliyochomwa ndani ya kadi wakati wa utengenezaji. Kadi ikishazimika haikuamka mpaka kompyuta ikatwe umeme. Mwenye seva angeweza kuutazama mfumo endeshi wake usiku kucha asione kosa, kwa maana halikuwa humo.

Gharama ya pili ni kupoteza mtazamo wa jumla. Mfumo endeshi huona mazungumzo yote ya kompyuta kwa pamoja. Programu ya ulinzi inayochuja pakiti, vipimo vya matumizi, na zana za kuchunguza hitilafu, vyote hutegemea kuona pakiti zikipita. Kadi ikishika mazungumzo yenyewe, pakiti hizo hazipiti tena mbele ya mlinzi. Hii ilikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya wasimamizi wa sehemu ya mtandao ya Linux, akiwemo David Miller, waikatae mwaka 2005 kazi iliyoletwa na kampuni ya Chelsio ya kuiunga mkono TCP ya ndani ya kadi. Walihofu pia kwamba wangelazimika kutunza milele njia ya pili ya kufanya kazi ile ile, huku kila mtengenezaji akiwa na desturi zake.

Gharama ya tatu ni mipaka ya kadi yenyewe. Kadi ina kumbukumbu yake ndogo, kwa hiyo idadi ya mazungumzo inayoweza kuyashika ina kikomo. Mfumo endeshi una kumbukumbu yote ya kompyuta. Mtu mwenye nia mbaya akifungua mazungumzo mengi ya uongo, kadi hujaa upesi. Vilevile, kila mazungumzo yanapoanza na kumalizika, mfumo endeshi na kadi hulazimika kukabidhiana jalada. Kama mazungumzo ni marefu, makabidhiano hayo ni kitu kidogo. Kama ni mafupi, kama yalivyo mengi ya yale yanayofanyika mtu anaposoma kurasa za tovuti, makabidhiano huweza kugharimu zaidi ya kazi yenyewe.

Gharama ya nne ni ya wakati. Prosesa za kawaida zimekuwa zikiongezeka nguvu mfululizo. Kadi maalumu iliyochukua miaka kadhaa kubuniwa huweza kufika sokoni na kukuta prosesa mpya imekwisha kuifikia. Ndipo mnunuzi anabaki na kifaa cha bei kubwa kinachofanya kazi ambayo kompyuta ingeifanya bila kutoka jasho.

Historia ya Windows inathibitisha haya. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa nyongeza ya mtandao kwa ajili ya Windows Server 2003, ambayo iliuwezesha mfumo huo kuikabidhi kadi mazungumzo ya TCP. Matatizo yalipozidi kujitokeza, Microsoft yenyewe ilitoa sasisho la kukizima kipengele hicho, na kuanzia Windows Server 2016 inashauri kisitumike kabisa. Wakati huo huo, yale mambo madogo ya karani wa kwanza yaliendelea kutumika katika Windows na Linux bila kelele.

Nani athibitishe usahihi?

Liko swali moja linalotugusa sisi wenye kuhifadhi sauti na maandishi. Kadi ikikokotoa jumla ya ukaguzi kwa niaba yetu, je, tunaweza kuamini kwamba faili limefika salama?

Jumla hiyo ikikokotolewa na kadi, inathibitisha kwamba pakiti ilifika kwenye kadi ikiwa nzima. Haisemi lolote kuhusu kilichotokea baada ya hapo, data ilipokuwa ikitoka kwenye kadi kuingia katika kumbukumbu ya kompyuta. Mwaka 2000 Jonathan Stone na Craig Partridge walichapisha matokeo ya kuchunguza rekodi za pakiti za miaka miwili. Waliona kwamba katika njia walizozichunguza, kati ya pakiti moja katika kila 1,100 na moja katika kila 32,000 ilikutwa na kosa kwa ukaguzi wa TCP, ingawa ukaguzi wa kwenye waya ulikuwa umeipitisha. Maana yake ni kwamba makosa mengi hayakuwa ya waya. Yalitoka ndani ya mashine zenyewe: katika kumbukumbu, katika programu, katika vifaa vya njiani. Kwa viwango hivyo, faili letu la saa moja lenye pakiti 435,000 lingeweza kukutwa na pakiti mbovu kuanzia 14 hadi karibu 400. TCP ingezitupa na kuomba nyingine, mradi makosa hayo yatokee kabla ya mahali ukaguzi unapofanyika. Kadiri ukaguzi unavyosogezwa nje, ndivyo eneo lisilokaguliwa linavyopanuka.

Hoja hii ina mizizi ya zamani. Jerome Saltzer, David Reed na David Clark waliieleza katika makala mashuhuri waliyoitoa mwaka 1981 na kuichapisha upya mwaka 1984. Walisimulia kisa cha mtandao mmoja uliokagua pakiti katika kila hatua ya safari. Waandishi wa programu waliamini kwamba ukaguzi huo unatosha. Kumbe kompyuta moja ya njiani ilikuwa na kasoro: mara moja katika kila baiti milioni moja hivi, ilibadilishana nafasi za baiti mbili wakati wa kunakili, yaani baada ya ukaguzi wa kuingia na kabla ya ukaguzi wa kutoka. Mafaili ya msimbo wa mfumo endeshi mmoja yalipita humo mara nyingi na baadhi yakaharibika. Ikabidi wenyewe wayalinganishe kwa macho na nakala za zamani zilizochapwa kwenye karatasi. Funzo walilolitoa ni kwamba anayehakikisha usahihi kwa ukamilifu ni yule aliye mwisho wa safari, anayejua faili lilipaswa kuwa vipi. Ukaguzi wa njiani unasaidia kuongeza kasi, lakini hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kwa mujibu wa funzo hilo, tunazishauri idara zote zinazohifadhi rekodi za fasihi simulizi zifuate utaratibu ufuatao. Kabla ya kulituma faili, kokotoeni alama yake ya utambulisho kwa programu kama ile ya SHA-256 na kuiandika katika daftari la kumbukumbu. Faili likishafika kwenye seva, lisomwe upya kutoka kwenye diski na alama ikokotolewe tena. Zikilingana, nakala ni salama. Zisipolingana, nakala ya awali isifutwe. Kazi hii huchukua dakika chache na haihitaji kifaa chochote cha kununua. Msimulizi mwenye umri wa miaka 80 tuliyemrekodi mara moja huenda hatutampata tena. Uthibitisho wa sauti yake tusiuachie kadi peke yake.

Hali ilivyo leo

Isidhaniwe kwamba waliopinga walishinda moja kwa moja. Mwaka 1968 Myer na Sutherland, wakizungumzia vifaa vya kuchora kwenye skrini, waliona kwamba kazi huhamishwa kutoka prosesa kuu kwenda kwenye kifaa cha pembeni, kifaa hicho huongezewa uwezo mpaka kikafanana na kompyuta kamili, kisha mtu huanza kufikiria kukituliza nacho mzigo wake. Mzunguko huo waliuita gurudumu la kuzaliwa upya. Gurudumu hilo bado linazunguka.

Kampuni zinazokodisha kompyuta kwa njia ya intaneti zimerudi kwenye kutua mzigo kwa nguvu mpya. Amazon ilitangaza mfumo wake wa Nitro mwaka 2017, na Microsoft ilianza mwaka 2015 kuweka katika seva mpya za Azure kadi zenye chipu inayoweza kupangwa upya. Sababu yao ni ya kibiashara: kila kiini cha prosesa kinachohudumia mtandao ni kiini kisichoweza kukodishwa kwa mteja. Lakini tutazame namna walivyofanya. Chipu inayopangwa upya inarekebishika kama programu, na kampuni ndiyo yenye kadi, yenye msimbo wake na yenye wahandisi wa kuutunza. Wametua mzigo bila kuachia funguo. Chuo kinachonunua kadi iliyofungwa kutoka kwa muuzaji mmoja hakiko katika hali hiyo.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba kutua mzigo wa mtandao kuna faida za kweli, na gharama zake hutegemea aina ya kazi inayohamishwa. Kazi isiyohitaji kumbukumbu ya mazungumzo huhamishika kwa usalama. Kazi inayobeba mazungumzo yote huhamia pamoja na uwezo wa kuona, kurekebisha na kulinda. Kwa hiyo, walimu wenzetu watakaoitwa kwenye kamati za ununuzi wasiogope kuuliza maswali matatu: Kadi hii inafanya kazi gani hasa? Ikiwa na kasoro, nani ataweza kuirekebisha, na kwa muda gani? Tukiamua kuzima kipengele chake, kompyuta itaendelea kufanya kazi?

Kuhusu lugha, wasomaji wamejionea kwamba hatukukwama. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na istilahi nyingi zikapata pa kusimamia. Kinachobaki ni kuzitumia katika maelezo marefu, si katika orodha tu. Kwa ajili ya darasa, tunaambatisha istilahi tulizozitumia:

Alama ya utambulisho – namba ndefu inayokokotolewa kutokana na faili zima ili nakala mbili zilinganishwe.
Itifaki – makubaliano ya namna kompyuta zinavyozungumza.
Jumla ya ukaguzi – namba fupi inayoambatana na pakiti ili kubaini kama imeharibika.
Kadi ya mtandao – kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao.
Kiini – sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi peke yake.
Kutua mzigo – kuiondolea sehemu moja ya kompyuta kazi na kuikabidhi nyingine.
Mfumo endeshi – programu kuu inayosimamia vifaa na programu nyingine.
Pakiti – kipande cha data kinachosafiri katika mtandao.
Ukatajipakiti – kazi ya kuligawa bonge la data kuwa pakiti kabla ya kulituma.

Zoezi: Wanafunzi wagawanyike makundi mawili. Kundi la kwanza liandike aya tatu za kumshawishi mkuu wa chuo anunue kadi inayobeba TCP yote, na kundi la pili liandike aya tatu za kumzuia. Kila kundi litumie istilahi zisizopungua sita kati ya hizo hapo juu, na lisitumie hata neno moja la Kiingereza. Mwalimu asahihishe hoja kwanza, ndipo asahihishe sarufi. Istilahi itakayowashinda wanafunzi wote wawili wawili iletwe kwetu idarani, tuijadili katika toleo lijalo.